Maji ya tangi yakipungua usijazie ya chumvi

Ile meseji inayozunguka kwenye magrupu eti tangi la samaki wa baharini likipungua maji ujazie maji ya chumvi, siyo kweli jamani. Kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki humo humo, we angalia ule ukoko mweupe ukingoni mwa kioo, kwa hiyo jazia maji yasiyo na chumvi wala klorini. Ukibisha pima na haidromita (kifaa cha kuonyesha maji yana chumvi kiasi gani), isome 1.025 hivi, halafu acha siku kadhaa bila kujazia upime tena, utaona imepanda. Naona watu wanachanganya na kubadilisha maji, pale umechota maji pamoja na chumvi yake ndo unarudisha ya chumvi. Hiyo meseji ikikufikia usiifowadi, ifute tu.