Bunduki ya kwanza ya easofti: usinunue sura

Juzi mtoto wa rafiki yangu wa Tanga aliingia karakanani kwangu hapa Birmingham na boksi refu kwapani. "Shikamoo anko." Marahaba. Akafungua: snaipa ya springi, ndefu kama mlingoti, darubini juu, nusu yake imepakwa buluu ya maturubai. Easofti, ule mchezo wa kuwindana kwa bunduki bandia zinazorusha gololi za plastiki, hajawahi kuucheza hata siku moja. Nikamuuliza miwani iko wapi. Akacheka, eti ataazima huko huko uwanjani.

Kazi yangu ni kufungua giaboksi, lile boksi la gia ndani ya bunduki, kwa hiyo bunduki hizi nazijua kwa matumbo kuliko kwa sura. Na kosa la huyu kijana naliona karibu kila mwezi: mtu ananunua ile aliyoiona kwenye picha.

Ile buluu ni ya kisheria. Sheria ya Uingereza ya 2006 ilipiga marufuku kuuza bunduki bandia inayofanana na ya kweli, isipokuwa kwa mwenye sababu inayokubalika, na kucheza easofti kwenye uwanja wenye bima ni mojawapo. Maduka mengi hutazama usajili wa UKARA, chama cha wauzaji wa easofti: uwe umecheza mara 3, ndani ya muda usiopungua siku 56. Usipokuwa nao unauziwa yenye rangi kali. Aliye chini ya miaka 18 hauziwi kabisa. Watu wanazilalamikia sana hizo siku 56. Mimi naona ni bahati, maana ndio muda wa kukodi. Kimbia na M4 chakavu ya uwanja, yaani ile yenye umbo la bunduki ya jeshi la Marekani, lala nayo kwenye matope, halafu uniambie kama kilo tatu mkononi tangu asubuhi mpaka jioni ni mchezo.

Pesa ya kwanza iende kwenye miwani. Tafuta alama ya EN 166, kiwango cha Ulaya cha miwani ya kinga, na herufi iliyoandikwa kwenye lenzi yenyewe. F maana yake ilijaribiwa kwa gololi ya chuma ya milimita 6 kwa mwendo wa mita 45 kwa sekunde; B ni mita 120. Piga hesabu: jaribio la F ni chini kidogo ya juuli 1 (juuli ndiyo kipimo cha nguvu ya gololi), na bunduki nyingi za uwanjani zinapita hapo. Chukua B. Meno nayo yafunike, meno ni ghali.

Sasa bunduki. Ya umeme, basi. Betri inazungusha mota, mota inazungusha gia, gia zinavuta pistoni nyuma, springi inairudisha mbele na hewa inaitupa gololi. Ya gesi ni tamu mkononi, inapiga teke, lakini gesi hulegea kwenye baridi, na Novemba ya hapa unaijua. Ya springi unaivuta mwenyewe kila risasi. Viwanja huiruhusu snaipa nguvu zaidi, ila kwa kawaida unakatazwa kumpiga mtu aliye ndani ya mita 30, kwa hiyo utahitaji na bastola. Tayari ni bunduki mbili, na bado hujajua kujificha.

Nguvu usiifukuzie. Tangu 2017 sheria inaweka mwisho juuli 1.3 kwa inayomimina na 2.5 kwa inayopiga moja moja, na viwanja vingi hukaza zaidi: futi 350 kwa sekunde kwa gololi ya gramu 0.20, yaani kama juuli 1.14. Asubuhi wanaipima kila bunduki. Ikizidi, inakaa garini.

Umbali unaletwa na hopapu. Ni kijimpira kinachobana gololi kwa juu mtutuni ili itoke ikizunguka kinyumenyume, na hewa iibebe. Nilimtoa kijana uani na M4 yangu, nikaweka gololi za gramu 0.28, hopapu nimeifungua yote. Ya kwanza ikainama chini kabla ya uzio. Nikakaza kidogo, ikanyooka. Nikakaza tena, ikapanda ghafla kama kunguru aliyetupiwa jiwe. Nikarudisha nusu, ikaenda bapa hadi kwenye kopo. Hapo ndipo alipoacha kuitazama darubini yake. Zile za 0.20 zinaonekana rahisi dukani, lakini upepo kidogo tu zinapotea.

M4 au AK? M4, kwa sababu moja ya kivivu: vipuri na magazini, vile vibebea gololi, viko kila mahali, na mwenzako uwanjani atakuazima. Ukiwa na roho ya AK, CYMA wanazitengeneza vizuri kwa bei ya kawaida. Kwa pauni 150 hadi 250 unapata G&G au Specna Arms ambayo sitaiona mezani kwangu mapema. Magazini chukua za gololi 100 na kitu. Zile kubwa za kutia ufunguo zinalia kama kayamba ukikimbia.

Betri ndiyo inayonipa riziki. Anza na LiPo, betri ya lithiamu, ya volti 7.4. Mtu anaweka 11.1 kwenye bunduki isiyo na mosfeti, swichi ya kielektroniki inayoubeba umeme badala ya kifyatulio, inamimina kama cherehani, baada ya muda vibati vya swichi ya kifyatulio vimeungua vyeusi. Chaja iwe ya LiPo, inayosawazisha seli. Usichaji umelala, na seli isishuke chini ya volti 3.

Snaipa imebaki kwangu inatafuta mnunuzi. Mama yake alinipigia jana, kijana akishanunua hiyo M4 anaweza kwenda nayo Tanga Desemba? Nikamwambia, dada, ibaki hapa. Afisa wa forodha pale Dar hataanza kupima juuli.