Hasira ya jioni inatoka wapi? Maswali na majibu kuhusu akili ya hisia

Akili ya hisia ni nini?

Ni uwezo wa kutambua unachohisi, kujua kimetoka wapi na kuamua utakifanyia nini, pamoja na kusoma hisia za mwenzako. Wanasaikolojia Peter Salovey na John Mayer waliieleza kwa jina hilo mwaka 1990.

Si ndiyo kule kuvumilia na kunyamaza?

Hapana, na hapa ndipo wengi wetu tunapojiumiza. Kuficha hisia usoni hakuzimalizi. Mwili hubaki umekazwa vilevile, na baadaye usingizi unakimbia.

Chukua dereva wa bodaboda wa Busia. Pikipiki ni ya mkopo, marejesho ni kila wiki. Leo mvua imenyesha mchana kutwa, abiria hakuna. Anafika nyumbani, mtoto anamwaga maji, anapigwa kofi. Muulize, atasema ni hasira. Lakini akijichunguza atakuta ni hofu: Ijumaa inakaribia na pesa haijatimia. Hasira ilimwangukia mtoto asiye na kosa. Hofu angeweza kumweleza mkewe, au wenzake wa steji, au hata mwenye pikipiki amwongezee siku mbili.

Kuitaja hisia tu kunasaidia?

Kunasaidia kuliko tunavyodhani. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2007, watu walionyeshwa picha za nyuso zenye hisia kali huku ubongo wao ukipimwa. Walipoitaja hisia waliyoiona, amigdala, sehemu ya ubongo inayoshughulika na hatari, ilipunguza kazi.

Mtu mzima anaweza kujifunza?

Ndiyo, na ushahidi tunao hapahapa Uganda. Katika makazi ya wakimbizi ya Rhino Camp, wanawake kutoka Sudan Kusini walikutana kwa vikundi mara 5, wakisikiliza mafunzo ya Shirika la Afya Duniani yaliyorekodiwa, ya namna ya kukabili msongo wa mawazo. Walioongoza vikundi hawakuwa wataalamu wa afya ya akili. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2020 yalionyesha kuwa miezi mitatu baadaye dhiki yao ilikuwa imepungua kuliko ya wale ambao hawakupata mafunzo hayo. Kwangu hilo lina uzito mkubwa, kwa sababu wanawake hao walikuwa wamepoteza karibu kila kitu.

Nianzie wapi?

Kabla hujaingia ndani, simama mlangoni ujiulize umebeba nini. Na kijana wako akilia, usimwambie wanaume hawalii. Mwambie, "Naona umeumia. Nini kimetokea?"

Je, hiyo inatosha?

Hapana. Akili ya hisia hailipi karo wala haiponyi sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Ukikaa wiki mbili na huzuni isiyoondoka, hulali, huna hamu ya kitu chochote, nenda kituo cha afya. Hospitali za rufaa za mikoa, kama Mbale na Arua, zina vitengo vya afya ya akili, na Kampala kuna Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Wazo la kujiua lisingoje hizo wiki mbili: mwambie mtu unayemwamini sasa hivi, akusindikize hospitali leo hii.