Je, wajua kwa nini West Ham wana nyundo mbili kifuani?

Kwa miaka mingi niliamini kwamba nyundo mbili zilizopishana kwenye nembo ya West Ham United zimetokana na jina tu. Ham, Hammers, na kwa Kiingereza "hammer" ni nyundo. Basi mchoraji akachora nyundo. Maelezo hayo yanaingia akilini upesi, na nimeyasikia yakirudiwa kwenye vibanda umiza kila West Ham wanapocheza. Nilikuwa nimekosea.

"Ham" ya jina hilo haihusiani na nyundo. Imetokana na neno la Kiingereza cha kale, "hamm", lililomaanisha ardhi iliyozungukwa na maji au kinamasi. West Ham ilikuwa mahali pa namna hiyo, mashariki ya London, karibu na pale mto Lea unapomwagikia Thames. Nyundo zenyewe ni zana za kazi. Timu ilianzishwa mwaka 1895 ikiitwa Thames Ironworks, timu ya wafanyakazi wa kiwanda cha chuma na meli kilichokuwa mdomoni mwa mto huohuo wa Lea. Jina la West Ham United lilikuja mwaka 1900. Ndiyo maana mashabiki wanaiita timu yao Irons, yaani chuma, na pia Hammers. Huenda kufanana kwa Ham na hammer ndiko kulikolipa nguvu jina la pili hadi likalifunika la kwanza huku kwetu. Ila itazame nembo kwa makini: nyundo ile si ya seremala. Kichwa chake ni chembamba na kirefu. Ni nyundo ya kugongea ribiti.

Enzi hizo meli hazikuchomelewa. Bamba liliunganishwa na bamba kwa ribiti, kipande kifupi cha chuma chenye kichwa upande mmoja, mfano wa uyoga. Kijana aliipasha moto mpaka ikawa nyekundu, akaitoa kwa koleo, ikachomekwa kwenye tundu lililopenya mabamba yote mawili. Mtu mmoja upande wa ndani alikikinga kichwa kwa chuma kizito. Nje walisimama wawili, mara nyingi mmoja wa mkono wa kulia na mwenzake wa shoto, wakipiga kwa kupokezana kama watwangaji wawili kwenye kinu kimoja, mpaka ncha ikatandazika na kuwa kichwa cha pili.

Nguvu kubwa huja nyundo zikishatulia. Chuma cha moto kimetanuka; kikipoa kinasinyaa. Ribiti inataka kurudi kuwa fupi, lakini vichwa vyake viwili vimenasa kwenye mabamba, kwa hiyo inayavuta yabanane. Fikiria ngoma. Ngozi huwambwa ikiwa mbichi, bado laini mkononi, kisha inapokauka inajikaza yenyewe na ngoma inaanza kulia, bila fundi kuigusa tena. Ngozi inapoteza maji, ribiti inapoteza joto, na zote mbili zinakaza kile zilichoshikilia. Hata hivyo ribiti peke yake haikutosha kuzuia maji. Kingo za mabamba ziligongwa kwa tindo hadi zikafungana, kazi ambayo mafundi wetu wa majahazi wangeitambua mara moja kuwa ni kalafati, ingawa wao hutumia pamba iliyolowa mafuta.

Chimbuko la kiwanda ni mwaka 1837, kwa Thomas Ditchburn na Charles Mare. Mare alifilisika, na mwaka 1857 ikazaliwa kampuni ya Thames Ironworks. Miaka mitatu baadaye, tarehe 29 Desemba 1860, ilishua Warrior, manowari ya kwanza ya Uingereza ya kwenda bahari kuu yenye kiunzi cha chuma na deraya, yaani ngao ya kuzuia mizinga. Baridi ilikuwa kali hata meli ikaganda kwenye njia yake ya kushukia. Deraya yake ilikuwa ya chuma cha unene wa milimita 114 juu ya mbao nene za msaji, na ilikazwa kwa bolti. Hapo ribiti hazikutumika.

Aliyeanzisha timu ni Arnold Hills, mkuu wa kiwanda, mtu asiyekula nyama wala kunywa pombe. Gandhi, alipokuwa akisomea sheria London, alikaa naye kwenye kamati ya chama cha wasiokula nyama. Mwaka 1898, siku ya kushua manowari Albion, wimbi lililosababishwa na meli hiyo lilibomoa jukwaa lililojaa watazamaji, na zaidi ya watu 30 wakafa.

Kuhusu kwa nini kiwanda kilikufa, wapo waliolaumu mishahara mikubwa ya London, na Hills mwenyewe aliilaumu serikali kwa kuwanyima tenda. Kwa maoni yangu umbali ulikuwa na uzito zaidi. London haikuwa na makaa wala madini ya chuma, ilhali viwanda vya meli vya kaskazini, kwenye mito Clyde na Tyne, vilikuwa navyo karibu. Nafasi nayo ilikuwa finyu: manowari Thunderer, iliyoshuliwa mwaka 1911, ilibidi ipelekwe Dagenham, mbele zaidi kando ya Thames, ikamaliziwe huko. Ikawa manowari yao kubwa ya mwisho. Kiwanda kilifungwa mwaka 1912, na timu ikabaki.

Warrior nayo ipo. Kwa miaka mingi ilitumika Wales kama gati linaloelea la kujazia meli mafuta, kisha ikakarabatiwa. Tangu 1987 inaelea Portsmouth, na wageni hupanda kuitembelea.