Dawa imefika, mbona uvimbe haupungui?

Swali hili naulizwa na wagonjwa, hata na madaktari wenzangu: kama dawa ya epijenetiki, yaani inayobadili jinsi jeni zinavyosomwa, imefika ilikotumwa, kwa nini saratani ya titi inaendelea kukua?

Aliyesoma chuoni utotoni ataelewa haraka. Herufi ni ileile, lakini ukiitia fataha, kasra au dhumma, matamshi yanageuka. Seli ya titi na ya ini zina DNA moja. Zinatofautiana kwa alama zilizowekwa juu yake na juu ya histoni, protini zinazozungukwa na DNA hiyo kama uzi kwenye kigurudumu. Saratani huzivuruga alama hizi. Dawa za epijenetiki haziigusi herufi. Zinawalenga wanaotia alama, wanaozifuta na wanaozisoma.

Msomaji mmoja ni protini iitwayo BRD4. Ina vishimo viwili vya kushikia alama ya asetili. Dawa ya majaribio JQ1 huviziba, BRD4 ikabanduka, na jeni zinazoisukuma seli igawanyike zikanyamaza.

Mimina JQ1 kwenye chupa ya seli za saratani hasi tatu, ile isiyo na vipokezi vya estrojeni wala projesteroni wala protini ya HER2 kwa wingi. Chini ya hadubini utaona seli chache zilizotandaa, zimetulia tuli. Endelea kuongeza dozi polepole. Siku moja utakuta pembeni mwa chupa kishada kidogo cha seli zilizobanana, zinagawanyika kana kwamba dawa haipo.

Mwaka 2016 maabara ya Kornelia Polyak, Boston, ilieleza siri ya seli za namna hiyo. Mtu angedhani jeni ya BRD4 imeharibika, au seli zinaitema dawa. Sivyo. BRD4 ilikuwa nzima, ila imejaa fosfati, vibandiko vya kikemikali, kwa kuwa kimeng'enya PP2A kinachoziondoa kilikuwa kimezorota. Ikiwa na fosfati nyingi, BRD4 hujishikiza kwa protini nyingine, MED1, wala haivihitaji tena vile vishimo. Umefunga mlango wa mbele, yeye anapitia uani. Na ukiipunguza BRD4 yenyewe, seli hizo sugu hudhoofika: bado zinaitegemea.

Kwa wagonjwa mambo ni magumu zaidi. Entinostat, dawa nyingine ya epijenetiki, huwazuia wafutaji wa asetili. Katika jaribio la watu 130 wenye saratani inayotegemea homoni, waliomeza dawa hiyo pamoja na exemestane, dawa ya homoni, waliishi miezi 28.1 kwa kipimo cha wastani wa kati, dhidi ya 19.8 kwa waliopata exemestane bila entinostat. Tulifurahi mno. Kisha jaribio kubwa zaidi la dawa hizohizo, E2112, lenye wagonjwa 608, likatoa majibu mwaka 2021: miezi 23.4 dhidi ya 21.7, tofauti isiyothibitisha chochote. Hata hivyo asetili ilikuwa imeongezeka kwenye seli za damu zao, yaani dawa ilifanya kazi yake.

Lakini damu si uvimbe. Ndiyo maana nasisitiza kichukuliwe kipande kidogo cha uvimbe kabla ya dawa na kingine baadaye. Kumwomba hivyo mama aliyekwisha kuchomwa sindano mara kadhaa ni jambo zito. Huwa naketi naye, namweleza kwamba njia ya uani ya uvimbe wake hatutaiona kwenye damu ya mkononi.