Saikloni ya Vumbi la Mbao na Namna ya Kuichagua kwa Karakana ya Nyumbani

Mtu aliyewahi kupeleka mahindi kwenye mashine ya kusaga ameshaiona saikloni, hata kama hakuambiwa jina lake. Ni lile pipa la bati lililosimama juu ya mfuko, lenye kifua kipana na mkia mwembamba kama pia ya watoto. Feni husukuma hewa yenye unga kupitia bomba, hewa huingia kwa ubavuni, unga hushuka mfukoni, na hewa hutokea juu. Sasa inua macho utazame kuta za chumba kile, mapaa yake, na nyusi za msagaji mwenyewe: zote ni nyeupe. Weupe huo ni unga ambao saikloni ilishindwa kuukamata, na anayetaka kununua saikloni kwa ajili ya karakana ya useremala anapaswa kuanza kufikiri kutoka hapo.

Neno saikloni maana yake ni kimbunga, lakini kinachotokea ndani ya chombo hiki kinafanana zaidi na kisulisuli kinachozungusha majani makavu uwanjani wakati wa kiangazi. Hewa haiingizwi katikati ya chombo, bali huingizwa kwa pembeni ikiambaa na ukuta wa duara, na hivyo hulazimika kuzunguka. Chembe ya mbao, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hutaka kwenda moja kwa moja kama jiwe lililofyatuka kwenye teo. Hugonga ukuta, hupungukiwa kasi, kisha huteleza kuelekea chini hadi kwenye pipa la taka. Hewa yenyewe, ikishafika penye wembamba wa koni, hugeuka na kupanda katikati ya mzunguko ule ule, ikatoka kupitia mrija ulioshushwa kutoka kwenye kifuniko. Ndani hamna kitambaa, wavu wala kitu chochote kinachosogea. Wazo hili ni la zamani: John M. Finch alipata hataza yake nchini Marekani mwaka 1885, na tangu hapo viwanda vya mbao na vya nafaka vimelitumia bila kulibadilisha sana.

Kikusanya vumbi cha saikloni, kwa maana kamili, ni saikloni hiyo pamoja na pipa la taka chini yake, feni yenye mota, na kichujio kinachopokea hewa mwishoni. Katika karakana za nyumbani feni huwekwa baada ya saikloni, ikaivuta hewa badala ya kuisukuma. Mpangilio huu una faida ya wazi: misumari, vipande vya mbao na maranda marefu huangukia pipani kabla ya kulifikia gurudumu la feni, tofauti na vile vikusanya vumbi vya mfuko ambavyo kila kinachovutwa hupita kwanza kwenye feni.

Jambo ambalo wanunuzi wengi hulikosa, na ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha uchaguzi wote, ni kwamba saikloni haisafishi hewa. Saikloni hutenganisha. Kazi yake ni kuondoa sehemu kubwa ya taka ili kichujio kisizibe, na kichujio kisipoziba hewa huendelea kwenda kwa kasi ile ile saa baada ya saa. Kinachookoa mapafu ni wingi wa hewa inayovutwa pale pale meno ya msumeno yanapokata, pamoja na kichujio kizuri au njia ya kuitoa hewa hiyo nje.

Wauzaji hupenda kutaja kwamba saikloni yao inakamata asilimia 99 ya taka. Asilimia hiyo hupimwa kwa uzito, na uzito katika jambo hili hupotosha. Chembe moja yenye upana wa mikromita 100 (mikromita ni sehemu moja ya elfu ya milimita) ina uzito sawa na chembe 8,000 za aina hiyo hiyo ya mbao zenye upana wa mikromita 5. Kwa hiyo pipa linaweza kujaa maranda, fundi akaridhika, ilhali asilimia moja iliyopita ndiyo yenye chembe nyingi kuliko zote, na ndiyo inayoingia ndani kabisa ya kifua. Unywele wa mtu una upana wa mikromita 70 hivi. Vumbi lililo chini ya mikromita 10 halionekani kwa urahisi, huelea hewani kwa muda mrefu baada ya mashine kuzimwa, na fundi huendelea kulivuta hata wakati amekaa kunywa chai humo humo karakanani.

Madhara yake si ya kukisia. Uchunguzi uliofanywa miaka ya 1960 miongoni mwa mafundi wa samani katika mji wa High Wycombe, Uingereza, ulionyesha kwamba walikuwa wakipata aina fulani ya saratani ya pua kwa kiwango kisicho cha kawaida. Mwaka 1995 Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, liliweka vumbi la mbao katika kundi la kwanza, yaani la vitu vinavyojulikana kwa hakika kusababisha saratani kwa binadamu. Zaidi ya hayo, mbao zetu nyingi tunazozithamini, kama mvule, mninga na mtiki, zina vumbi linalowasha ngozi, pua na koo, na kwa baadhi ya watu vumbi la mvule huleta pumu. Mbao za MDF, yaani zile za kiwandani zinazotengenezwa kwa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi, hutoa vumbi laini kuliko karibu mbao zote za asili, tena lenye gundi ya formaldihaidi ndani yake.

Swali la kwanza la kumuuliza muuzaji, basi, lisiwe mota ina nguvu farasi ngapi. Liwe hili: ni kiasi gani cha hewa kitakachofika kwenye mashine yangu baada ya kupita bomba, kona, saikloni na kichujio? Kuzoa maranda yanayoonekana kwa macho, takriban mita za ujazo 600 kwa saa hutosha kwa msumeno wa meza wa kawaida. Kukamata lile vumbi laini lisiloonekana kunahitaji zaidi ya mara mbili ya hapo, yaani mita za ujazo 1,350 hadi 1,700 kwa saa, kiasi ambacho vitabu vya Kimarekani hukitaja kuwa futi za ujazo 800 hadi 1,000 kwa dakika. Namba iliyobandikwa kwenye boksi mara nyingi ilipimwa feni ikiwa wazi, bila bomba wala kichujio, na katika kazi halisi inaweza kushuka hadi karibu nusu. Muuzaji makini huwa na mchoro wa feni, unaoonyesha jinsi kiasi cha hewa kinavyopungua kadiri ukinzani unavyoongezeka. Saikloni yenyewe huongeza ukinzani wa paskali 500 hadi 1,000, kwa hiyo kuifunga kwenye feni dhaifu kwa matumaini kwamba itaboresha mambo huweza kuyaharibu. Mashine isiyo na mchoro huo mimi ningeiacha dukani, hata bei yake iwe nzuri.

Baada ya feni linakuja bomba, na hapa ndipo fedha nyingi hupotea bure. Ili maranda yasilale njiani na kuziba, hewa inapaswa kwenda kwa kasi ya mita 20 hivi kwa sekunde. Kwa kasi hiyo, bomba la inchi 4, yaani milimita 100, hupitisha takriban mita za ujazo 565 kwa saa, na bomba la inchi 6 hupitisha takriban 1,270. Kuilazimisha hewa ya bomba kubwa ipite kwenye bomba dogo kunawezekana kwa hesabu tu: ukinzani wa kila mita ya bomba hupanda karibu mara saba na nusu, na hakuna feni ya nyumbani inayoweza kuvumilia hilo kwa umbali wa maana. Mtu anayenunua mashine ya bei kubwa kisha akaiunganisha na bomba la inchi 4 kutoka mwanzo hadi mwisho amejinunulia mashine ya kuzoa maranda. Mabomba ya plastiki ya majitaka ya inchi 6, yanayopatikana katika maduka mengi ya vifaa vya ujenzi, hufaa kazi hii vizuri. Kona iwe ya mzunguko mrefu, au viunganishwe viungo viwili vya nyuzi 45 badala ya kimoja cha nyuzi 90, na mpira wenye mikunjo uwekwe pale tu mashine inapohitaji kusogezwa, kwa sababu mikunjo ile huikwamisha hewa mara mbili au tatu kuliko bomba laini la urefu huo huo. Mdomo wa mashine nao utazamwe. Misumeno mingi ya meza huja na tundu la milimita 100 lililo mbali na meno, na bila kulipanua au kuongeza la pili juu ya meza, bomba pana linaloishia hapo halisaidii kitu.

Kuhusu umbo la saikloni, ndefu ni bora kuliko fupi. Vipimo vilivyochapishwa na mhandisi C. J. Stairmand mwaka 1951, ambavyo bado ni msingi wa wahandisi wengi, vinaipa saikloni kimo cha mara nne ya upana wake, na koni pekee huchukua mara mbili na nusu. Saikloni nyingi za nyumbani hufupishwa ili zitoshee chini ya dari, na kila inchi inayokatwa kwenye koni hulipiwa kwa vumbi linalopita. Huku kwetu kuna njia ya kuepuka hasara hiyo: mashine inaweza kusimamishwa nje, nyuma ya karakana chini ya upenu uliozungushiwa ukuta, ambako kimo si tatizo na kelele hupungua.

Hali ya hewa yetu inatupa nafasi nyingine ambayo maelekezo mengi ya kigeni huipuuza. Katika nchi za baridi fundi hurudisha hewa ndani kwa sababu ameilipia kuipasha joto, na ndiyo maana kichujio huwa sehemu ghali sana ya mfumo. Dar es Salaam au Mombasa hakuna joto la kuhifadhi. Hewa iliyopita kwenye saikloni inaweza kutolewa nje moja kwa moja, na feni ikapumua vizuri zaidi kwa kukosa ukinzani wa kichujio. Hata hivyo, hewa hiyo ndiyo yenye vumbi laini kuliko lote, kwa hiyo pale nyumba zinapobanana, kuielekeza kwenye dirisha la jirani au uani kwake ni kumhamishia ugonjwa. Kama hakuna eneo la wazi, bomba la kutolea lipandishwe juu ya paa au kichujio kinunuliwe. Kichujio hicho kiwe cha kukamata chembe za mikromita moja au ndogo zaidi. Mfuko wa kitambaa uliotengenezwa kwa ajili ya chembe za mikromita 30 huyazuia maranda na kulipulizia vumbi baya hewani.

Umeme nao una sharti lake. Mashine nyingi za mitumba hutoka Marekani, ambako umeme ni wa hezi 60, ilhali wetu ni wa hezi 50. Feni iliyoundwa kuzunguka mara 3,450 kwa dakika huko itazunguka mara 2,850 hivi hapa. Kiasi cha hewa hushuka hadi asilimia 83, na nguvu ya feni ya kufyonza hadi asilimia 69, mbali na uwezekano wa mota yenyewe kuchemka. Mota ya kilowati 2.2, inayolingana na nguvu farasi 3, huhitaji njia yake yenyewe kutoka kwenye sakiti breka, kwa sababu itafanya kazi wakati mmoja na msumeno, na soketi ya kawaida ya ampea 13 haikuwekwa kwa mzigo huo wa kudumu.

Anayefanya kazi kwa randa ya mkono na msumeno wa mkono hahitaji haya yote, kwani maranda yake huanguka sakafuni na ufagio huyatosha, ingawa barakoa bado inafaa wakati wa kupiga msasa. Mwenye mashine ndogo za mkononi, hasa ya msasa na ruta (mashine ya kuchonga mifereji na kingo za mbao), atahudumiwa vizuri na vakyumu ya karakana, yaani mashine ya kufyonza vumbi, iliyofungiwa saikloni ndogo juu ya ndoo. Vakyumu huvuta hewa kidogo kwa nguvu kubwa, na tundu dogo la mashine ya msasa linahitaji hasa hilo. Saikloni kubwa huanza kuwa na maana pale panapokuwepo msumeno wa meza, mashine ya kuranda au msumeno wa mkanda.

Mfumo ukishafungwa, sehemu ya kuchunguzwa kwa bidii ni pipa la taka. Kwa kuwa feni inavuta, pipa lote liko katika hali ya kufyonzwa, na tundu dogo kama la msumari kwenye kifuniko huingiza hewa inayopanda kwa kasi katikati ya koni na kuibeba tena taka iliyokwisha kutua. Kutwa nzima saikloni itaonekana inafanya kazi huku kichujio kikijaa. Pipa la plastiki jembamba hubonyea na kupasuka bomba likizibwa, hivyo la bati au la plastiki nene ni salama zaidi, na limwagwe kabla taka haijaifikia koni. Kupima uvujaji, shika kipande chepesi cha karatasi ya chooni karibu na kila kiungo mashine ikiwa imewashwa, utaona kikivutwa penye ufa. Moshi wa udi ungeonyesha vizuri zaidi, lakini cheche haipaswi kabisa kukaribia bomba linaloishia kwenye pipa la vumbi kavu. Wakati wa kumwaga vaa barakoa, kwa sababu hapo ndipo vumbi lililokamatwa siku nzima hupata nafasi ya kuruka tena. Na ikiwa jirani anaomba maranda ya kutandika banda la kuku, mpe yale ya mbao tupu, uyatenge ya MDF na ya mbao zilizotiwa dawa.