Je, Betri ya Gari Ikifa, Dhamana Inakulipia Mpya?

Unawasha gari, taa za dashibodi zinafifia, starta inagonga tak-tak-tak, kisha kimya. Gari lenyewe halijafikisha hata miaka miwili. Wazo la kwanza ni kwamba muuzaji atakuwekea betri mpya bure, maana dhamana bado ipo. Huenda akaweka, huenda asiweke. Inategemea betri hiyo imekufa kwa sababu gani.

Dhamana ya kiwandani inahusu kasoro, yaani kitu kilichoundwa vibaya au kwa malighafi mbovu. Uchakavu hauhusiki, na ndiyo maana matairi na pedi za breki mara nyingi huachwa nje au hupewa muda mfupi. Betri iko katikati: inachakaa kila siku, lakini pia inaweza kutoka kiwandani ikiwa mbovu. Kwa hiyo kila mtengenezaji ana masharti yake. Wapo wanaoijumuisha kwenye dhamana ya gari zima, ambayo aghalabu ni miaka 3 au zaidi. Wapo wanaoipa muda wake mfupi. Wengine hulipia betri nzima mwanzoni, halafu mwenye gari anachangia zaidi kadiri betri inavyozeeka. Ile dhamana ndefu ya injini na giaboksi kwa kawaida haiigusi betri kabisa, na hapo ndipo wengi wanapoumia: wamesikia miaka 5, wakadhani ni ya kila kitu.

Betri ya kawaida ya volti 12 ina seli 6 za risasi na asidi, kila moja ikitoa volti 2.1 hivi. Inapotoa umeme, salfeti ya risasi, yaani chembe zinazotokana na risasi kukutana na asidi, hujengeka juu ya mabamba yake, na ikichajiwa mapema salfeti hiyo huondoka. Ikiachwa tupu kwa siku nyingi, chembe hizo hukua na kuwa ngumu, na sehemu hiyo ya bamba hairudi tena kazini. Joto nalo huharakisha kutu ndani na kupunguza maji. Hivyo betri nyingi hudumu miaka 3 hadi 5 tu, hata zikitunzwa vizuri.

Sasa, kuisha chaji si kufa. Ukiacha taa zikiwaka usiku kucha, betri imeishiwa tu. Hakuna kasoro ya kiwandani hapo, na dai lako litakataliwa. Namna ya kutofautisha ni kupima. Gari likiwa limezimwa kwa saa kadhaa, betri iliyojaa husoma volti 12.6 hivi, ikisoma 12.0 au chini ya hapo, chaji imekwisha. Ikiganda karibu na 10.5 hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa, na kwenye betri changa hiyo ni dalili nzito ya kasoro. Lakini volti peke yake hudanganya: betri mbovu inaweza kuonyesha 12.6, kisha ikaanguka pale tu starta inapovuta umeme.

Ndiyo maana gereji ya muuzaji hutumia kipima betri maalumu. Fundi anabana klipu mbili kwenye vichwa vya betri, anaingiza ile namba ya nguvu ya kuwashia iliyoandikwa kwenye lebo, na baada ya muda mfupi mashine inatoa jibu: nzima, ichajiwe ipimwe tena, au ibadilishwe. Jibu hilo ndilo linalobeba dai lako, basi omba nakala yake. Likiwa ni “ichajiwe”, usikubali kulipishwa betri mpya kabla haijachajiwa na kupimwa upya.

Omba pia alteneta, kile kifaa kinachochaji betri injini ikizunguka, ipimwe. Injini ikiwa inaunguruma, vichwa vya betri husoma kati ya volti 13.8 na 14.5 hivi, ingawa baadhi ya magari ya kisasa hupandisha na kushusha volti kwa makusudi. Ikibaki 12 na kitu huku ikizidi kushuka, betri haichajiwi. Alteneta huwa ndani ya dhamana ya gari, na ikithibitika kwamba ndiyo iliyoiua betri, una hoja ya kudai vyote viwili. Ukiwekewa betri mpya bila kujua kilichoua ya kwanza, utarudi gereji hapo hapo.

Madai mengi huangushwa na vitu vilivyofungwa baadaye, kama king'ora au muziki mkubwa vinavyonyonya umeme gari likiwa limeegeshwa. Mengine huangushwa na nyaya zilizogeuzwa wakati wa kushtua gari kwa betri nyingine, au gari kulazwa majuma mengi. Na kama betri ya kwanza ulishaibadilisha mwenyewe, dhamana ya gari haikuhusu tena hapo. Dai kwa aliyekuuzia, na risiti mkononi.

Magari ya umeme yana hesabu nyingine. Betri kubwa inayoendesha gari kwa kawaida hupewa dhamana ya miaka 8 au kilomita 160,000, na mara nyingi mtengenezaji huahidi kwamba uwezo wake hautashuka chini ya asilimia 70. Lakini mengi ya magari hayo yana pia betri ndogo ya volti 12, inayoamsha kompyuta na kufungua milango. Hiyo ndogo ikifa, gari haliondoki hata kama ile kubwa imejaa, na ile miaka 8 kwa kawaida haiihusu.