Je, wajua kwa nini One Love ya Bob Marley ina jina la Mmarekani?

Tazama orodha ya nyimbo za albamu ya Exodus, iliyotoka mwaka 1977. Wimbo wa mwisho unaitwa One Love/People Get Ready, na watunzi ni wawili: Marley na Mayfield. Huyu Mayfield ni nani, na anafanya nini kwenye wimbo ambao kila mtu anajua ni wa Bob?

Swali hili nimelijibu vibaya mara mbili, tena kwa kujiamini.

Mara ya kwanza nilikuwa nasikiliza People Get Ready ya kundi la The Impressions. Nikamgeukia jamaa yangu: huyu Mmarekani kamwibia Bob mistari! Ushahidi niliuona wazi. Maneno ya mwenye dhambi asiye na tumaini, na yale ya kuwahurumia ambao nafasi yao inazidi kufinyika, nilikuwa nimeyaimba miaka na miaka yakiwa ndani ya One Love. Tarehe ndizo zilizoniumbua. Curtis Mayfield wa Chicago ndiye aliyetunga People Get Ready, na kundi lake likaitoa mapema 1965. The Wailers, kundi la Bob, walirekodi One Love yao ya kwanza mwaka huohuo, pale Studio One, Kingston, kwa mdundo wa ska unaokimbia. Ile ya taratibu tunayoijua sote ilikuja miaka 12 baadaye.

Basi nikageuza kibao: kumbe One Love ni People Get Ready iliyovishwa rege tu. Hilo nalo si kweli, ila nililing'ang'ania muda mrefu zaidi kwa sababu lilinifanya nionekane mjuzi.

Sikiliza nyimbo zote mbili mfululizo. Wa Mayfield ni wimbo wa soul wenye harufu ya kanisani: kuna treni inakuja, inaelekea Yordani, abiria hahitaji tiketi wala mizigo, imani inatosha. Kwa Marley hakuna treni hata moja. Kibwagizo cha upendo mmoja na moyo mmoja hakimo kwa Mayfield. Kilichohama ni vipande vya ubeti, na hata hivyo vilibadilishwa njiani. Mayfield anatamka kama hakimu: hakuna nafasi kwa mwenye dhambi aliyeumiza binadamu wote ili ajiokoe yeye. Marley anauliza: je, nafasi ipo? Mayfield anasema hakuna pa kujificha mbele ya kiti cha enzi cha Ufalme. Marley anakiondoa kiti, anamweka Baba wa Uumbaji. Ukinibana, nitasema hayo ndiyo marekebisho madogo yenye uzito mkubwa kuliko yote niliyowahi kuyasikia kwenye wimbo wa kuazima.

Sasa kwa nini jina likatajwa 1977 na si 1965?

Chukua mfano wa gauni. Fundi wa kwanza amebuni mshono wenye mikono ya aina yake. Fundi wa pili anashona gauni jipya kwa kitambaa chake, uzi wake na cherehani yake, kisha anaweka mikono ileile. Gauni ni la nani? Ukilishika mkononi, ni la fundi wa pili, hakuna ubishi. Lakini wazo la mikono lilitoka kichwani mwa mwenzake. Muziki nao una mali mbili za namna hiyo. Kuna sauti iliyorekodiwa, ambayo ni gauni lenyewe: ngoma ya Carlton Barrett, besi ya kaka yake Aston, studio za London zilizotumika mwaka ule. Na kuna utunzi, yaani maneno na melodia, ambao ni mshono. Unaweza kurekodi upya kila kitu, usichukue hata sekunde moja ya sauti ya The Impressions, na bado ukawa umevaa mikono ya Mayfield. (Mfano unaishia hapo, maana mafundi wetu hawalipani mishono.)

Jamaica ya 1965 ilikuwa bado inatumia sheria ya hakimiliki ya Uingereza ya mwaka 1911. Sheria yao wenyewe ilipitishwa 1993. Sheria ilikuwepo, tuwe waangalifu hapo, lakini studioni Kingston haikumkosesha mtu usingizi. Nyimbo za Marekani ziliingia kwa redio za Miami na New Orleans na kwa santuri, zikaimbwa upya bila mtu kuandika barua. The Impressions ndio waliopendwa kupita kiasi, watatu wenye sauti nyembamba zinazopishana, mtindo ambao vijana wa Jamaica waliuiga waziwazi. Minstrel and Queen yao ya 1962 iligeuka Queen Majesty ya The Techniques, kundi la Jamaica, mwaka 1967, kisha mghani U-Roy akaja kupiga maneno yake juu ya mdundo huohuo.

Exodus ilikuwa jambo jingine. Ilitolewa na Island, kampuni yenye makao London, ikauzwa dunia nzima. Maelezo yanayorudiwa mara nyingi ni kwamba Mayfield alitajwa ili kuepusha mgogoro wa hakimiliki. Ni maelezo yenye mantiki, ingawa heshima na hofu ya mahakama zinaweza kukaa kwenye sahihi moja. Vyovyote iwavyo, wimbo ulipotolewa tena kama singo mwaka 1984, miaka mitatu baada ya Marley kufariki, ulifika nafasi ya 5 Uingereza, na jina la Mayfield likiwa bado limeandikwa.

Mimi ule mkwaju (/) katikati ya jina la wimbo niliudhania pambo. Watangazaji wengi wa redio bado huishia hapo hapo kwenye mkwaju.